Maisha ya Martin Kayamba, Karani Mkristo



Kila Jumapili tukitoka ibadani huwaona vijana wetu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Wengi wamemaliza darasa la saba, wengine kidato cha nne, na wapo waliosoma zaidi. Wazazi waliuza ng'ombe kuwalipia. Sasa wanangoja kazi, na kazi haiji. Ukiwauliza kwa nini, hawasemi kwamba hawajui kusoma wala kuhesabu. Husema kwamba hawana mtu. Maana yao ni kwamba hawana mjomba mjini, hawana wa kabila lao ofisini, hawana wa kuwasemea.

Neno hilo, kukosa mtu, ni la zamani kuliko wao. Kwa hiyo nimeona vema mwezi huu niandike maisha ya mtu mmoja wa Kanisa letu la Anglikana, ambaye kwa muda mrefu alikuwa Mwafrika mwenye cheo kikubwa kuliko wenzake wote katika serikali ya Tanganyika. Jina lake ni Hugh Martin Thackeray Kayamba. Wazee waliosoma historia ya nchi wanamjua. Vijana wengi hawajamsikia. Naomba mzazi anayesoma amsomee na mwanawe.

Kuzaliwa kwake na shule

Martin Kayamba alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, Unguja. Mbweni kilikuwa kijiji cha wamisionari wa UMCA, wale wa Chama cha Misheni cha Vyuo Vikuu waliofika Unguja mwaka 1864. Hapo walikaa watu waliokombolewa kutoka utumwani, na hapo palikuwa na shule na kanisa. Lakini wazee wa Kayamba hawakuwa watu wa Unguja. Kwa asili yeye alikuwa Mbondei, wa nchi ya Muheza nyuma ya Tanga, na kwa upande mmoja ukoo wake uligusana na watawala wa Usambaa.

Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu wa misheni. Katika ujana wake alipelekwa Uingereza akasoma huko, jambo ambalo miaka ile ya 1880 lilikuwa la ajabu kwa kijana Mwafrika. Basi Martin alizaliwa katika nyumba yenye vitabu. Ndugu zangu, nilipokuwa nikifundisha niliona mara nyingi kwamba mtoto anayemwona baba au mama yake ameshika kitabu huanza safari mbele ya wenzake. Kitabu chenyewe hata kikiwa ni kitabu cha Sala tu, kinatosha.

Baadaye aliingia Kiungani, chuo cha Mtakatifu Andrea hapo Unguja. Chuo hiki kilikuwa maarufu Afrika Mashariki yote. Wavulana wa Wabondei, Wayao, Wamakua, Wazigua na makabila mengine walilala bweni moja, wakala chungu kimoja, wakasali pamoja. Walifundishwa kazi za mikono na walifundishwa Kiingereza vizuri. Tunza neno hilo la Kiingereza, maana tutalirudia.

Wamisionari walitaka vijana wa Kiungani wawe walimu na mapadre. Wengi wakawa hivyo, na Kanisa letu limejengwa juu ya jasho lao. Kayamba naye alifundisha kwa muda mfupi, kisha akaacha akatafuta kazi ya ukarani serikalini. Ukarani ulilipa zaidi. Wapo waliosikitika. Mimi simlaumu. Si kila Mkristo aliyesoma ameitwa madhabahuni, na Mungu anao watumishi wake hata kwenye meza za ofisi.

Alifanya kazi za serikali Kenya, Uganda na Unguja. Ndipo alipojifunza jambo ambalo Kiungani hakulifundishwa.

Ngazi tatu

Katika nchi zote hizo kazi ya serikali ilikuwa na ngazi tatu zilizosimama mbali mbali. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya Wazungu, ya pili ya Wahindi, na ya tatu ya Waafrika. Mtu hakupanda ngazi kwa kazi aliyoijua. Alipewa ngazi siku ile alipozaliwa. Mwafrika aliyefanya kazi vizuri aliweza kupanda vipandio vya ngazi yake, lakini alipofika juu hakuruhusiwa kuvuka kwenda ngazi ya pili. Mshahara ulikuwa tofauti, nyumba tofauti, likizo tofauti, na hospitali tofauti. Shule za watoto nazo zilikuwa tatu, na kwa hiyo mtoto alirithi ngazi ya baba yake.

Na kila ngazi ilikuwa na maneno yake ya kuihalalisha. Ilisemwa kwamba Mwafrika hawezi kuaminiwa na fedha, kwamba hajui Kiingereza cha kutosha, na kwamba wakati wake bado. Kumbe shule za kumfundisha Kiingereza hicho zilikuwa chache, na fedha hakuwa ameshikishwa ili aonekane kama ni mwaminifu au la. Mtu akinyimwa jembe, halafu akasimangwa kwamba hajui kulima, hapo ndipo penye dhuluma yenyewe.

Vita

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Kayamba alikuwa amevuka kuingia nchi ya Wajerumani, yaani Tanganyika yetu hii, akifanya biashara. Wajerumani waliwashuku watu wote wa UMCA kwamba ni wapelelezi wa Waingereza. Mapadre na walimu Waafrika walikamatwa. Wengi walitiwa minyororo, wakapigwa, wakabebeshwa mizigo, na baadhi yao hawakurudi. Kayamba alikamatwa, na baba yake pia alifungwa. Walipata uhuru wao mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka Tabora.

Hebu fikirini. Mtu huyu alifungwa kwa sababu ya Waingereza bila kuwafanyia kosa wala jema. Waingereza waliposhika nchi alikwenda kuwatumikia kwa uaminifu. Nao wakampa kazi, lakini wakampa katika ngazi ya tatu.

Karani wa Tanga

Mwaka 1917 Kayamba aliingia katika ofisi ya serikali huko Tanga. Hapa ndipo lile neno la Kiingereza linaporudi.

Wakati wa Wajerumani maboma mengi yaliendeshwa kwa Kiswahili. Tangu mwaka 1892 palikuwa na shule ya serikali Tanga, nayo ilitoa makarani Waafrika waliojua kazi yao barabara. Waingereza walipoingia walitaka Kiingereza. Siku moja makarani wale waliokuwa na maarifa ya miaka mingi wakaonekana kama hawajui kitu. Maarifa yao hayakuwa yamepungua. Kilichobadilika kilikuwa kipimo. Serikali ikaleta makarani Wahindi, na pia Waafrika waliosoma kwa Waingereza: watu wa Nyasa, watu wa Unguja, na wanafunzi wa Kiungani kama Kayamba.

Alifanya kazi kwa bidii mno. Alianza mkalimani na karani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akawa karani mkuu wa ofisi ya Tanga. Hapo likatokea jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: ofisi ya makarani Waafrika, chini ya Mwafrika, bila karani Mhindi, na kazi zikaenda sawasawa. Barua zilijibiwa, hesabu zilifungwa, kodi iliandikwa vitabuni. Kayamba alijua wazi kwamba macho yote yalikuwa juu yake. Karani wa kabila lingine akikosea hesabu, ilisemwa fulani amekosea. Karani Mwafrika akikosea, ilisemwa Waafrika hawawezi. Huo ni mzigo mzito, kwamba kosa la mtu mmoja liwe kosa la watu wake wote. Kayamba aliubeba kila asubuhi alipoketi mezani.

Chama cha mwaka 1922

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimchague mtu huyu.

Kayamba angeweza kutosheka. Alikuwa na kazi, na mshahara mzuri kuliko wengi, na wakubwa walimpenda. Wangapi kati yetu, tukipata kiti, tunakumbuka waliosimama? Lakini mwaka 1922, hapo Tanga, yeye na wenzake walianzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Yeye akawa kiongozi wake.

Chama hiki kilikuwa na mahali pa kukutana. Wanachama walisoma magazeti, walisaidiana kujifunza, walicheza mpira, na walipeleka maombi kwa serikali kwa adabu, juu ya haki za mtumishi Mwafrika kazini. Kwa macho ya leo ni jambo dogo. Lakini angalieni ni nani walioketi humo. Walikuwamo Wakristo wa Kiungani pamoja na Waislamu waliosoma katika shule ya serikali, makundi mawili yaliyokuwa yakishindania kazi zile zile. Walikuwamo watu wa bara na watu wa pwani, na waliotoka Nyasa na Unguja. Ngazi ya tatu ilikuwa nyembamba, na watu waliobanana juu ya ngazi nyembamba kwa kawaida hukanyagana vidole. Hawa walikataa kukanyagana. Walijiita kwa jina moja, Waafrika.

Wanahistoria wanakihesabu chama hiki kuwa moja ya mizizi ya mti mkubwa. Mwaka 1929 kilianzishwa Chama cha Waafrika, African Association, huko Dar es Salaam, na mwaka 1954 kikazaliwa TANU. Kayamba hakuishi akauona mti ukizaa. Alikuwa mmoja wa waliopanda mbegu.

London

Mwaka 1931 kulikuwa na mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe chini ya utawala mmoja. Walowezi Wazungu wa Kenya walikuwa na nguvu nyingi, na Waafrika wa Tanganyika waliogopa kwamba wakiunganishwa watapoteza ardhi na kubakia vibarua. Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kusikiliza maoni. Kutoka Tanganyika walipelekwa Waafrika watatu: Chifu Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga.

Watu hawa watatu walisimama mbele ya wakubwa wa dola, wakasema kwa heshima na bila woga kwamba watu wao hawataki muungano ule. Mpango haukupita. Sisemi kwamba ni wao peke yao walioushinda, maana wengine wengi waliupinga. Lakini ilikuwa mara ya kwanza Mwafrika wa Tanganyika kuulizwa jambo la nchi yake katika nyumba ile, na wale waliosema kwamba wakati wa Mwafrika bado walimwona akijibu maswali yao kwa lugha yao.

Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwaka 1932. Kwa Kiingereza pia aliandika habari za maisha yake, zikatiwa katika kitabu cha mwaka 1936 pamoja na za Waafrika wengine. Kitabu chake kingine juu ya matatizo ya Mwafrika kilichapishwa mwaka 1948, baada ya kufa kwake. Alikuwa mtu wa kalamu mpaka mwisho.

Kiti kimoja Dar es Salaam

Baada ya safari ile Kayamba aliitwa Dar es Salaam, akafanya kazi katika Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali yote. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amefika hapo kwa cheo kama chake. Alipewa pia nishani ya mfalme wa Uingereza, ile ya M.B.E. Serikali ilimtaja kila ilipotaka kuonyesha kwamba inawajali Waafrika.

Lakini, wapendwa, kiti kimoja hakifanyi mlango. Kayamba alikaa katika nyumba kubwa yenye watu wa ngazi ya kwanza, naye hakuwa wa ngazi hiyo. Wazungu hawakumhesabu kuwa mwenzao. Na kati ya Waafrika wapo waliomwona kuwa amekwenda karibu mno na wakubwa, na kwamba anaomba kwa upole mahali ambapo ingefaa kudai. Akawa mtu wa katikati, na katikati kuna upweke. Aliacha kazi mwishoni mwa miaka ya 1930, na akafariki kabla ya kutimiza miaka hamsini.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mtu wa wakati wake. Aliamini kwamba Mwafrika akijielimisha na kuwa mwaminifu, milango itafunguka yenyewe polepole. Maisha yake mwenyewe yalionyesha kwamba haikutosha. Alikuwa na elimu, na alikuwa mwaminifu, na mlango ulifunguka kwa upana wa mtu mmoja tu. Katika Baraza la Kutunga Sheria, lililoanza mwaka 1926, hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1945. Mmoja wa wawili wa kwanza alikuwa Chifu Kidaha, mwana wa yule Makwaia aliyesafiri naye kwenda London.

Yaliyofuata

Ngazi tatu hazikuanguka kwa siku moja. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilipendekeza kwamba mtumishi asiye Mzungu, akifanya kazi ile ile ya Mzungu, alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara. Yaani Mzungu akipata shilingi mia, mwenzake aketiye meza ya pili apate sitini. Shilingi arobaini zilikuwa bei ya rangi. Ni mpaka Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo ilipoamuliwa kwamba mishahara isipangwe kwa rangi.

Hata hivyo, tulipopata uhuru Desemba 1961, maofisa wa ngazi za juu na za kati serikalini walikuwa 4,452, na kati yao wananchi walikuwa 1,170 tu. Ni kama mmoja katika wanne. Sheria ilikuwa imebadilika, lakini shule zilizofungwa kwa baba zilikuwa zimekwisha kumnyima mtoto. Kizuizi cha kazi hakianzi siku ya kuomba kazi. Huanza darasa la kwanza.

Basi kwa miaka michache serikali ya uhuru ilimtanguliza Mwafrika katika kuajiri, ili kuziba shimo hilo. Kisha Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ubaguzi huo nao ukome. Tangu hapo raia wote wangekuwa sawa katika kazi za serikali, awe Mwafrika, Mhindi au Mzungu. Wengi walikasirika. Walitaka ngazi igeuzwe tu, wa chini awe juu. Mwalimu alikataa, kwa kuwa ngazi ya rangi ni mbaya hata anapokaa juu yake ndugu yako.

Leo tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, kabila, mahali alikotoka, dini, jinsia, ulemavu, umri na mambo mengine kama hayo. Ni sheria njema. Lakini sheria haiingii ndani ya moyo wa mtu wala haisikilizi anayoyasema pembeni.

Ungamo la mwalimu

Hapa sina budi kusema habari yangu mwenyewe, maana haifai kuhesabu dhambi za wakoloni na kuficha za kwangu.

Miaka mingi iliyopita niliombwa kupendekeza vijana wawili kwa kazi ya ukarani ya muda mfupi. Nilikuwa na wanafunzi wangu wa zamani watatu waliofaa. Wawili walikuwa Wairaqw kama mimi, na wazazi wao nilikuwa nikisali nao. Wa tatu alikuwa Mbarbaig, mtoto wa wafugaji, na katika hesabu na mwandiko aliwapita wote wawili. Niliandika majina ya wale wawili. Alipokuja kuniuliza nilimwambia kwamba watu hawatakielewa Kiswahili chake, na kwamba wakati wake utakuja.

Wakati wake bado. Nilipoyasoma maisha ya Kayamba niliyakuta maneno yangu mwenyewe kinywani mwa wale waliomzuia. Wao walitumia Kiingereza kuwa uzio, mimi nilitumia lafudhi. Wao walilinda ngazi ya Wazungu, mimi nililinda watoto wa jirani zangu, nikadhani ni upendo. Kijana yule alirudi kwenye ng'ombe. Nilimwomba msamaha baadaye, akanisamehe, lakini kazi ile ilikuwa imekwisha kupita.

Kwetu Masieda

Ndugu zangu, sisi wa Masieda si Wazungu wa Sekretarieti. Lakini kila penye kazi ndogo pana Sekretarieti ndogo. Kazi ya ulinzi, kazi ya ujenzi wa darasa, nafasi ya semina yenye posho, kibarua cha barabara: ni nani anayeambiwa kwanza? Mara nyingi tangazo hutolewa kwa Kiiraqw watu wakiwa wamesimama nje baada ya ibada, na kijana Mbarbaig, Mnyiramba au Mhadzabe wa bonde la Yaeda husikia wakati nafasi zimekwisha jaa. Hatukumfukuza. Hatukumwambia tu. Na binti yetu, hata akiwa wa ukoo wetu, mara ngapi husikia mwisho, au asisikie kabisa?

Kanisa la kwanza lilipata mashtaka ya namna hiyo. Yamo katika Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na waliokuwa wakikumbukwa ni wajane wa Waebrania. Tazameni mitume walivyofanya. Hawakusema kwamba wanaolalamika wana fitina. Hawakuwaambia wangoje. Waliwaita watu wote, wakachaguliwa watu saba kusimamia kazi ile, na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori na wenzao, utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Kazi ilitiwa mikononi mwa watu wa upande ule ule uliosahauliwa. Hapo Kanisa lilifungua mlango, halikutoa kiti kimoja.

Kwa hiyo natoa maombi matatu kwa wazee wa kanisa na kwa washarika wote. La kwanza, kila nafasi ya kazi tunayoisikia, yenye malipo hata kidogo, itangazwe kanisani kwa Kiswahili na ibandikwe ukutani, ikiwa na siku ya mwisho. La pili, anayeombwa kumsemea kijana aandike anayoyajua juu ya kazi ya kijana huyo, asiandike juu ya baba yake. La tatu, ni kwa wale ambao Mungu amekwisha kuwapa viti mjini, Mbulu, Babati, Arusha au Dar es Salaam. Mkumbukeni karani wa Tanga. Msilete ndugu zenu kwa siri usiku. Fanyeni kama alivyofanya yeye mwaka 1922: waiteni waliosimama nje, wa kila kabila na kila dini, mkae nao, mfundishane.

Na ninyi vijana wa kwenye kivuli cha ukuta, msikate tamaa, wala msidanganyike kwamba bidii haina faida. Bila bidii yake Kayamba asingekuwa na lolote la kuwapa wenzake. Jifunzeni kazi, shikeni vitabu, tunzeni uaminifu katika shilingi moja. Nasi wazee tutimize sehemu yetu, ili siku moja mtoto wa hapa akiulizwa amepataje kazi asiseme kwamba alikuwa na mtu, aseme kwamba alikuwa anaiweza.

Mwenyezi Mungu, asiyependelea uso wa mtu, atupe macho ya kumwona kila aliyesimama mlangoni. Amina.